Kidonda Kisichofunga: Tunachopaka na Tunachokanyaga

Mwaka 2005 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha taarifa katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku. Panya walitafuna, na wenyewe hawakushtuka. Sukari ya miaka mingi ilikuwa imeua mishipa ya fahamu ya nyayo, na mguu uliokufa ganzi hauna habari ya kumpelekea mwenyewe. Chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro, ambacho wengi wetu tunakihesabu kuwa ni cha mbu tu, kwa mtu wa namna hii kinalinda pia vidole.

Mtu anayeumwa na panya asiamke ndiye huyo huyo atakayetembea mchana kutwa juu ya kidonda cha unyayo bila kuchechemea. Atakwenda sokoni, atasimama kwenye daladala, atapanga foleni benki, na jioni atakaa kitako apakwe dawa. Kesho vivyo hivyo. Baada ya miezi mitatu ndugu watasema dawa ile haifai, itafutwe nyingine, na shangazi wa Tanga atatuma chupa ya kitu kilichomponya jirani yake. Hapo ndipo ninapokiona kiini cha suala zima la kuuguza kidonda sugu nyumbani. Karibu nguvu zote za nyumba, na fedha zake, huishia kwenye kinachopakwa juu ya kidonda, ilhali kinachokizuia kisifunge kiko kwingine, na mara nyingi ni kitu cha kuondolewa.

Jeraha la mtu mwenye afya lina mwendo wake. Damu inaganda, mahali panavimba siku chache huku mwili ukisafisha uchafu, kisha nyama mpya nyekundu inajaza shimo, na mwisho ngozi inatambaa kutoka kingoni hadi zikutane. Kidonda kikipita wiki nne bila kupungua, ina maana mwendo huo umekwama mahali fulani. Watu husema vijidudu vyake ni vikali, na ni kweli kwamba vidonda vya muda mrefu huota utando mwembamba wa bakteria ambao dawa huupata kwa shida. Lakini utando huo umepata nafasi ya kuota kwa sababu kitu kingine kimekwisha kuharibika: damu haifiki, au maji yamejaa mguuni, au uzito wa mwili unaponda nyama ile ile kila siku, au sukari iko juu, au mgonjwa hali chakula cha kutosha. Kisukari si jambo la wachache tena. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2012 ulikuta watu takriban 9 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana ugonjwa huo.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza kipakwe nini, tazama kiko wapi. Kidonda cha chini ya unyayo, hasa kwenye shina la kidole gumba, kilichozungukwa na ngozi ngumu nene na ambacho hakiumi, ni cha ganzi: kisukari kwanza, na ukoma usisahauliwe, kwani haujaisha katika ukanda wetu. Kidonda kipana cha upande wa ndani wa mguu, juu kidogo ya kifundo, kinachotoa maji mengi huku ngozi inayokizunguka imekuwa nyeusi na ngumu, ni cha vena zilizoshindwa kurudisha damu moyoni. Mguu ukiwa baridi, ngozi inang'aa na vinyweleo vimekwisha, kidonda kikiwa kwenye ncha ya kidole na maumivu ya usiku yakimfanya mgonjwa auning'inize mguu nje ya kitanda, huyo damu haimfikii, na anahitaji hospitali mapema kuliko wote. Kijana mwenye kidonda cha kifundo kisichopona apimwe selimundu. Na kidonda cha kwenye kifandugu, nyonga au kisigino cha mtu asiyejigeuza kitandani hakina fumbo lolote.

Nimeyataja haya kwa sababu uuguzaji wa nyumbani unaofaa kidonda kimoja unaweza kuharibu kingine. Mwenye kidonda cha unyayo hatakiwi kutembea. Mwenye kidonda cha vena anatakiwa atembee, kwa kuwa misuli ya shavu la mguu ndiyo inayosukuma damu kupanda. Bandeji ya kubana inayomponya huyu wa vena inaweza kumkatisha mguu yule ambaye damu yake haifiki. Jirani anayesema "mimi kilinipona kwa hivi" huenda anasema kweli tupu, ila kidonda chake kilikuwa kingine.

Tuanze na unyayo, maana hapo ndipo miguu mingi inapopotelea. Kwa karne nyingi watu waliamini kwamba nyama ya mwenye ukoma huoza yenyewe. Paul Brand, daktari Mwingereza aliyezaliwa India na kufanya kazi Vellore tangu miaka ya 1940, aliwachunguza wagonjwa wake akaona kwamba nyama yao inapona kama ya mtu mwingine yeyote. Kilichowamaliza ni kukosa maumivu: walishika vyungu vya moto, walitembea na misumari ndani ya viatu, walikanyaga kidonda kile kile mara elfu kwa siku. Alipowafunga miguu kwa plasta ngumu, ile inayoitwa hogo, iliyokumbatia unyayo wote na kuusambaza uzito, vidonda vya miaka vilifunga ndani yake. Baadaye njia hiyo ilihamia kwa wagonjwa wa kisukari, na hadi leo inahesabiwa kuwa tiba bora ya kidonda cha unyayo kisicho na usaha na ambacho damu inakifikia. Hakuna dawa ya kupaka iliyowahi kuishinda.

Sasa plasta ya namna hiyo haifungwi nyumbani, na hata hospitalini inataka fundi aliyejifunza, kwani ikifungwa vibaya inatengeneza kidonda kipya. Nyumbani kinachobaki ni kupunguza hatua, na hapa ndipo ushauri wa kliniki unapoishia kwenye neno moja, "usikanyagie", kana kwamba mgonjwa ana mtu wa kumbeba. Mimi ningetaka muuguzi aulize maswali ya nyumba. Choo ni cha kuchuchumaa? Kuchuchumaa kunailalia sehemu ya mbele ya unyayo kwa uzito wote wa mwili, pale pale penye kidonda. Kiti cha mbao kilichotobolewa katikati, kikawekwa juu ya tundu la choo, ni kazi ya fundi seremala ya nusu siku. Mgonjwa anasali? Katika tahiyatu vidole vya mguu wa kulia hukunjwa na kukandamizwa chini, na mtu asiyesikia maumivu atakaa hivyo mara tano kwa siku bila kujua anachokifanya. Sheria inamruhusu mgonjwa kusali juu ya kiti. Wanaohitaji ruhusa hiyo mara nyingi ndio wa mwisho kuitumia, wakiona haya kukaa kwenye kiti wakati wenzao wako kwenye mkeka. Anavaa kandambili? Mkanda wake unapita katikati ya vidole, na mtu hukaza vidole ili isimtoke.

Kosa jingine linafanywa kwa nia njema kabisa. Nyumba inatengeneza donge la pamba, inaliweka juu ya kidonda, inafunga, kisha mgonjwa anavaa kiatu. Donge lile ndani ya kiatu ni sawa na kokoto. Kama ni lazima kuweka kitu cha kupunguza uzito, kiwekwe kuzunguka kidonda, kidonda kibaki kwenye uwazi, na kiatu kiwe kipana cha kukipokea. Magongo husaidia ikiwa mikono na mguu wa pili vina nguvu, ingawa mguu wa pili nao huwa na ganzi ile ile na unabebeshwa kazi ya miwili.

Kujua kama mguu una ganzi hakuhitaji mashine. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walibuni kipimo ambacho mjukuu anaweza kumfanyia bibi yake. Bibi afumbe macho. Mgusie kwa ncha ya kidole, kwa wepesi, sekunde moja au mbili bila kubonyeza, ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto. Ni sehemu sita. Akikosa kuhisi mbili au zaidi, asitembee peku tena, hata ndani ya nyumba, hata kwenda msikitini hatua ishirini juu ya saruji iliyopigwa na jua la Ijumaa mchana.

Kidonda cha vena hakina mengi. Kinachokiponya ni kubana, na kubana kunakotakiwa si kwa mzaha: karibu milimita 40 za zebaki kwenye kifundo, kukipungua kuelekea goti. Kabla ya hapo mhudumu wa afya lazima apime kama damu inafika mguuni. Baada ya ruhusa hiyo, bandeji ianzie kwenye mashina ya vidole, ikifunika kisigino, hadi chini ya goti. Wengi huzungusha bandeji pale penye kidonda tu, na jioni wanashangaa mguu umevimba juu na chini ya fundo kama muhogo uliofungwa kamba. Mgonjwa akipumzika, miguu iinuliwe juu ya usawa wa moyo, maana kuiweka kwenye kigoda huku amekaa wima hakutoshi. Wenye matende, ambao mwambao wetu unawajua vizuri, wana somo lao linalokaribiana na hili: katika miaka ya 1990, daktari Gerusa Dreyer wa Recife, Brazil, alionyesha kwamba kuosha mguu kila siku kwa sabuni na maji na kuukausha hadi katikati ya vidole kunapunguza sana yale mashambulizi ya homa na maumivu ambayo kila moja huacha mguu mkubwa zaidi.

Vidonda vya kulalia vinastahili nafasi zaidi, kwa sababu bodaboda zimevileta katika nyumba za vijana. Zamani vilikuwa vya wazee waliopooza. Siku hizi ni kijana wa miaka ishirini na kitu aliyevunjika uti wa mgongo, anayerudishwa kwao kijijini baada ya wiki kadhaa za hospitali na kulazwa chumba cha mbele juu ya godoro ambalo limelaliwa tangu harusi ya wazazi. Godoro hilo lipimwe kwanza. Ingiza kiganja chini yake, mahali kifandugu kilipo, mgonjwa akiwa amelala: ukiusikia mfupa karibu na mkono wako, godoro hilo limekwisha, na hakuna dawa itakayokifunga kidonda huku mfupa unaiponda nyama dhidi ya mbao.

Kumgeuza kila baada ya saa mbili ndiyo desturi inayofundishwa, usiku na mchana. Hebu fikiria maana yake kwa mama anayeuguza peke yake. Ni kuamka saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kila usiku, kwa miezi, na asubuhi kuna shamba au genge. Tafiti za wazee wanaotunzwa kwenye magodoro mazuri ya povu zimeonyesha kwamba saa tatu, hata nne, zinaweza kutosha kwa mtu ambaye bado hana kidonda. Kwa maoni yangu fedha ya kwanza ya familia iende kwenye godoro. Godoro linampa mama usingizi, na mama aliyelala ndiye atakayeendelea kumgeuza mgonjwa mwezi wa tano. Kumgeuza kwenyewe kusiwe kumlaza ubavu kamili, maana hapo uzito unahamia kwenye mfupa wa nyonga. Ainuliwe nusu, mto mgongoni, mto mwingine kati ya magoti, na mwingine chini ya mashavu ya miguu ili visigino vielee visiguse kitu.

Na tuachane na ule mpira wa tairi. Katika nyumba nyingi mgonjwa anakalishwa juu ya mpira uliojazwa upepo, kidonda kikiwa katikati ya tundu. Inaonekana ni busara. Lakini ukingo wa mpira unabana nyama pande zote, damu inakosa njia ya kuingia katikati, na sehemu inayoning'inia tunduni inavimba. Wataalamu wa vidonda vya kulalia waliukataa siku nyingi, na bado unapatikana kila mtaa wenye fundi baiskeli.

Baada ya uzito, damu na maji kushughulikiwa, ndipo tunaweza kuzungumza juu ya kusafisha na kufunga, na hapa kuna imani mbili za kuvunja. Ya kwanza ni kwamba kidonda kiachwe wazi kipate hewa kikauke. Mwaka 1962 George Winter alichapisha katika jarida la Nature jaribio lake juu ya ngozi ya nguruwe: majeraha yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yaliotesha ngozi kwa kasi ya karibu mara mbili ya yale yaliyoachwa kukauka na kufanya kigaga. Seli za ngozi hutambaa juu ya unyevu; penye kigaga inabidi zichimbe njia chini yake. Kidonda kikavu kilichofunikwa kwa kigaga kigumu hufurahisha macho, na chini yake mara nyingi kuna usaha. Hata hivyo kuna ubaguzi mmoja mkubwa: kidole kilichokufa kikakauka kikawa cheusi kama mkaa, kwenye mguu usiopata damu, kisiloweshwe wala kukwanguliwa nyumbani. Kiachwe kikavu, na mgonjwa aende hospitali.

Imani ya pili ni kwamba dawa inayowasha ndiyo inayofanya kazi. Spiriti, jiki, iodini isiyozimuliwa na ile dawa inayotoa povu huua vijidudu, na huua pia seli changa zilizokuwa zinajaribu kufunga shimo. Kwa jeraha bichi lenye udongo, iodini mara moja ina maana yake. Kwa kidonda cha mwezi wa tatu, kila siku, ni kung'oa ulichopanda jana. Maji safi yanatosha. Maji unayoyanywa bila wasiwasi yanaweza kuosha kidonda chako, na tafiti zilizolinganisha maji ya bomba yaliyo salama na maji ya chumvi ya hospitali hazikukuta maambukizi zaidi. Anayependa maji ya chumvi achemshe nusu lita ya maji, atie kijiko kimoja cha chai cha chumvi kilichosawazishwa, ayaache yapoe yakiwa yamefunikwa, na yakibaki kesho ayamwage.

Tazama bandeji inavyobanduliwa katika nyumba nyingi. Gozi lilipachikwa jana likiwa kavu, limenyonya maji ya kidonda, limegandamana nacho. Anayeuguza analishika pembe na kulivuta kwa mkupuo mmoja, "ili lisimtese", na damu inachuruzika. Wanaotazama wanafurahi: damu nyekundu, nyama hai. Hiyo nyama hai ndiyo iliyong'oka. Gozi lililogandamana limiminiwe maji vuguvugu, lisubiriwe dakika kumi, litaachia lenyewe. Gozi jipya lipakwe vaselini safi au liloweshwe maji ya chumvi na kukamuliwa, juu yake liwekwe kavu la kunyonya, kisha bandeji. Pamba isigusane na kidonda. Nyuzi zake hubaki ndani. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla na baada, hata kama glovu zipo, na kama hakuna glovu mfuko wa nailoni safi uliogeuzwa nje ndani unafaa kushikia uchafu. Kidonda kisicholowa sana hakihitaji kufunguliwa kila siku. Kila kufungua ni kukipoza na kukiingizia vumbi.

Asali inaulizwa kila mara, na jibu lake si la ndiyo wala hapana. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikuta kwamba asali inaponya majeraha ya moto yasiyo ya kina haraka kuliko baadhi ya tiba za kawaida, lakini kwa vidonda vya vena haikuonyesha faida ya wazi. Asali ya kitabibu husafishwa kwa mionzi. Ile ya chupa ya barabarani inaweza kuwa na mbegu za bakteria, au sukari guru iliyochemshwa. Huko Banjul, Gambia, wauguzi wa watoto walioungua walitumia papai lililopondwa, kwa sababu kimeng'enya chake huyeyusha nyama iliyokufa, na madaktari wakaliandika mwaka 1999. Kwa hiyo sicheki dawa za jikoni. Ninachokikataa ni unga wa kidonge cha antibiotiki, kile cha rangi mbili, kinachofunguliwa na kunyunyizwa. Kiasi kinachofika ndani ni cha kubahatisha, hakitoshi kuua na kinatosha kuwafundisha bakteria kuvumilia, na unga wenyewe unafanya tope linaloziba usaha chini. Majivu na kinyesi cha ng'ombe sina haja ya kuvijadili. Pepopunda inatosha kuwa hoja.

Namna ya kujua kama kazi inakwenda ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, na simu imeirahisisha zaidi. Kila Jumapili piga picha, kwa umbali ule ule, sarafu ile ile imewekwa kando. Kidonda cha mguu wa kisukari ambacho hakijapungua nusu ya ukubwa wake ndani ya wiki nne kina uwezekano mdogo wa kufunga kwa mwendo huo, na picha nne hizo zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima. Dalili za maambukizi nazo zielezwe kwa ngozi yetu. Vitabu vingi vinasema "wekundu", na familia inasubiri wekundu usiokuja. Kwenye ngozi nyeusi tafuta weusi uliozidi au zambarau, ngozi iliyovutika na kung'aa, na zaidi ya yote joto: weka mgongo wa mkono wako hapo, kisha mahali pale pale kwenye mguu wa pili. Harufu mpya, uvimbe unaopanda, sukari inayokataa kushuka bila sababu, homa, mfupa unaoonekana au unaogongwa na kijiti ndani ya kidonda: hayo yote ni ya kwenda hospitali leo. Mgonjwa wa kisukari hata mkono asiudharau. Dar es Salaam ndiko walikoelezwa wagonjwa ambao kijeraha au kuumwa na mdudu mkononi kuligeuka, kwa siku chache, kuwa uozo wa kiganja kizima.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Kidonda kinachotoa maji mengi kinatoa protini, na anayeuguza kidonda kikubwa anahitaji kama gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, isipokuwa kama figo zimeguswa, hapo daktari aseme. Mtu wa kilo 60 ni gramu 75 na zaidi. Yai moja lina kama gramu 6. Uji mtupu na chai ya rangi, chakula tunachompa mgonjwa kwa huruma, haviwezi kufika huko. Dagaa wakavu na maharage vinaweza, na ni nafuu kuliko malhamu nyingi zinazonunuliwa.

Kuna vidonda ambavyo havitafunga, na nyumba inastahili kuambiwa hivyo kwa maneno yanayoeleweka. Kidonda kilichokaa miaka juu ya kovu la kuungua, kingo zikainuka na kugeuka ngumu, kinaweza kuwa kimegeuka saratani. Mfaransa Marjolin aliandika juu ya vidonda vya makovu mwaka 1828, baadaye jina lake likabandikwa kwenye ugonjwa huo, na kukatwa kipande cha nyama kipimwe ndiko kunakoutambua. Saratani ya matiti iliyochelewa nayo hupasua ngozi. Kwa hawa lengo linabadilika: maumivu, damu, na harufu. Harufu ndiyo inayowatenga watu. Wageni wanafupisha salamu, watoto wanahamishwa chumba, na mgonjwa anajua sababu bila kuambiwa. Watoa tiba shufaa wa Afrika Mashariki, kama Hospice Africa Uganda iliyoanzishwa na daktari Anne Merriman mwaka 1993, wamekuwa wakitumia vidonge vya metronidazoli vilivyosagwa na kunyunyizwa kwenye kidonda cha namna hii, kwa kuwa bakteria wanaotoa harufu ile hawaivumilii. Ni ubaguzi kwa kanuni niliyoitoa ya kutonyunyiza vidonge, na ni kwa maelekezo ya mtaalamu. Gharama yake ni ndogo, na inaweza kumrudisha mgonjwa sebuleni.

Nani anafanya kazi hii yote? Ni mke, binti, mkwe, mara chache sana mtoto wa kiume. Huambiwa mlangoni mwa wodi "muwe mnasafisha kila siku", anapewa karatasi ya dawa za kununua, basi. Hajaonyeshwa hata mara moja akiwa ameshika gozi yeye mwenyewe huku muuguzi anatazama. Mwaka 2004 Tanzania, pamoja na India, ilianza mradi wa miguu ya kisukari unaoitwa Hatua kwa Hatua, ukiongozwa huku kwetu na daktari Zulfiqarali Abbas, ambapo daktari na muuguzi kutoka kituo kimoja walifundishwa pamoja ili wakirudi wafanye kazi kama timu. Lilikuwa wazo zuri, na ningependa lishuke ngazi moja zaidi, afundishwe na yule anayekwenda kukaa na kidonda. Ethiopia ina mfano: tangu katikati ya miaka ya 1990, chini ya taasisi ya ALERT ya Addis Ababa, watu walioathiriwa na ukoma walianza kukutana kwa vikundi, kuloweka miguu, kukwangua ngozi ngumu, kupaka mafuta na kukaguana nyayo. Mtu anayemwona mwenzake amekuja na kidonda kipya anamuuliza alikwenda wapi na alivaa nini, swali ambalo daktari mwenye foleni ya watu sitini hana nafasi nalo.

Mambo haya hayaishi kidonda kinapofunga. Kwa wagonjwa wa kisukari, takriban 40 kati ya 100 waliopona kidonda cha mguu hupata kingine ndani ya mwaka mmoja, na ndani ya miaka mitano wanafika karibu 65. Ngozi iliyofunga ni nyembamba, mfupa uliokuwa unasukuma bado unasukuma, na ganzi iko pale pale. Na siku kidonda kinapofunga ndiyo siku wengi wanapoacha kwenda kliniki, maana hakuna aliyewapa tarehe nyingine. Anayetoka pale aondoke na tarehe hiyo mkononi, na maelekezo ya kiatu: kipana mbele, kisicho na mshono ndani, kinunuliwe jioni mguu ukiwa umevimba, na kila asubuhi kipapaswe ndani kwa mkono kabla ya kuvaliwa, kwa sababu kokoto iliyoingia usiku mguu wenyewe hautaisema.